Karanga Sebuleni

Miwani yangu ilipotea Jumanne jioni. Jumatano, kabla jua halijazama, nilikuwa nimekosana na watu wawili, karanga za jirani zimelowa chepechepe, na mimi nimesimama jikoni nikiwa na Biblia kwapani nisijue nianzie wapi. Nakisimulia kisa hiki kwa sababu siku ileile ilikuwa zamu yangu ya kuwafundisha wapendwa habari ya kumfuata Yesu kwa moyo wote.

Ushirika wetu hukutana kila Jumatano saa kumi na moja jioni, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Desturi hiyo tumeachiwa na wazee wa Uamsho, ule uliowaka Gahini nchini Rwanda baada ya daktari Mwingereza, Joe Church, kukutana na Simeoni Nsibambi mjini Kampala mwaka 1929, kisha ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika hadi huku kwetu Dodoma. Baba yangu aliokoka katika Uamsho huo. Alitulea tukijua kwamba mtu aliyeokoka hutembea nuruni: akikosa, hamalizi mambo na Mungu peke yake chumbani, humwendea aliyemkosea akatengeneza naye. Neno hilo, kutengeneza, lilisikika nyumbani kwetu kuliko neno sadaka. Nimemwona baba kwa macho yangu akishuka kwenye baiskeli katikati ya njia na kugeuza kurudi sokoni, kwa sababu alikuwa amemjibu muuza vitunguu vibaya.

Kwa hiyo nilitaka kufundisha vizuri. Na nilitaka nyumba ipendeze. Haya mawili niliyachanganya tangu Jumatatu nisitambue.

Nilianza na mapazia. Nikaja kwenye zulia, nikalitoa nje likapigwa vumbi. Nikahesabu viti, nikaagiza vingine sita kwa dada mmoja wa mtaa wa pili. Vikombe vya wageni, vile vya maua vinavyokaa kabatini mwaka mzima, nikasema navyo vitaoshwa. Kila jambo lilikuwa jema. Kati ya jambo na jambo nilifungua Biblia, nikasoma mistari miwili, nikakumbuka kitu kingine, nikainuka.

Sasa mambo ya maji. Dodoma ni kavu. Mvua zetu huanza Desemba na kukatika Aprili, na maji ya mji kwa sehemu kubwa hutoka visima vya Mzakwe. Mtaani kwetu hutoka kwa mgao, na mara nyingi usiku wa manane. Bomba linaloingia kwetu lina koki moja uani, juu ya karo ya kufulia, ndipo linapanda kwenye tanki. Koki ile ikiachwa wazi, tanki halipati kitu. Maji yote humwagika karoni, yakishajaza karo yanatafuta njia. Njia yaliyo nayo ni tundu la maji ya mvua chini ya ukuta, na ng'ambo ya ukuta ni kwa jirani.

Tundu lile lina historia yake. Mvua za mwaka uliopita zilipeleka matope yetu mpaka kwenye baraza yake, akalalamika, nikamjibu kwamba maji hufuata mteremko, si mimi niliyeumba mteremko. Tangu hapo tulisalimiana juu kwa juu. Yeye ni Mwislamu, mjane, analima karanga shamba la nje ya mji na kuziuza kwa debe. Mimi nilijiambia kwamba sina neno naye.

Usiku wa Jumanne, mnamo saa nane, nilisikia maji usingizini. Nikafurahi. Nikajigeuza upande wa pili nikasema moyoni, Bwana asifiwe, kesho tanki litakuwa limejaa na wageni watakunywa chai. Nililala kwa amani hadi alfajiri.

Alfajiri tanki lilikuwa tupu. Nililigonga likalia kama ngoma. Ua mzima ulikuwa tope, na koki ilikuwa imefungwa, kavu, na binti anayetusaidia kazi amesimama kando yake na ndoo mbili zilizojaa, zile alizowahi kukinga kabla maji hayajakatika.

Binti huyu ana miaka kumi na tisa. Alikuja kwetu kutoka kijiji kimoja upande wa Mpwapwa baada ya kumaliza darasa la saba na kukaa nyumbani miaka mingi. Si mtu wa maneno. Mwanangu mdogo akiumwa usiku, huamka yeye kabla yangu.

"Nani ameacha koki wazi?" nikamuuliza.

"Mama, samahani. Ile miwani…"

"Miwani nitaitafuta mwenyewe. Mimi nakuuliza habari ya maji."

Akainamisha kichwa. Nami nikaendelea. Nilimwambia kwamba hana uangalifu, kwamba nimemlea kama mwanangu na haya ndiyo malipo, kwamba wageni wa Mungu wanakuja na nyumba haina maji, na kwamba maji nitakayonunua yatakatwa kwenye mshahara wake. Mwanangu alikuwa mlangoni ameshika mswaki, akisikiliza. Neno la mshahara lilipotoka nilisikia uzito wake, ila lilikuwa limeshatoka, na kulirudisha mbele ya mtoto niliona ni kujishusha.

Hapo ndipo jirani alipoita kutoka ng'ambo.

"Jirani! We jirani! Njoo uone karanga zangu!"

Mwezi wa sita hapa kwetu hakuna anayehofia mvua. Mtu akivuna karanga huzianika juu ya turubai, usiku huzifunika kitenge tu akalala. Magunia yake matatu yalikuwa yametandazwa uani, na maji yetu yalikuwa yamepita chini na juu ya turubai usiku kucha.

Sikwenda. Nilisimama kwenye tofali, nikatoa kichwa juu ya ukuta, nikasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka natamani yangekuwa ya mtu mwingine: "Pole jirani, ni huyu binti alisahau koki. Tutaongea jioni au kesho, leo nina wageni wa kanisa."

Akaniangalia. Akasema, "Haya, mama. Wakaribishe wageni wako." Akaingia ndani.

Siku ile ilikwenda mbio. Nilisimamisha guta la maji nikanunua madumu kumi. Maziwa yaliyoletwa yalikuwa yamechachuka, nikamtuma mtoto akafuate mengine. Uniti za umeme zikaisha nikiwa napiga pasi mapazia, nami kwenye simu sina salio. Nikaenda hadi kwa wakala kwa miguu, nikarudi na karatasi ya tokeni, namba ndogo ndogo nisizoweza kuzisoma bila miwani, ikabidi binti anisomee. Alinisomea moja moja, kwa sauti ya chini, bila kinyongo, nami nikabonyeza. Tulikuwa tumesimama bega kwa bega mbele ya mita, na sikumwambia lolote zaidi ya "soma tena hiyo ya mwisho."

Miwani niliitafuta chini ya mito, juu ya friji, ndani ya mkoba wa kanisani, kwenye mfuko wa koti la mume wangu ambaye wakati huo alikuwa safarini. Bila miwani sikuweza kusoma, na bila kusoma sikuwa na somo. Nikaketi kitandani kama saa tisa, nikajaribu kuupitia kwa kichwa mfano wa Yesu niliopanga kuufundisha.

Ni mfano wa mtu aliyeandaa karamu kubwa, akamtuma mtumwa wake kuwaita walioalikwa, nao wote wakaanza kuomba udhuru. Mmoja amenunua shamba. Mwingine amenunua ng'ombe jozi tano anakwenda kuwajaribu. Wa tatu ameoa. Nilikulia Ugogoni, na ng'ombe kumi wa kulimia naelewa maana yake. Mtu aliyewapata karibu na msimu hawezi kulala kabla hajawafunga nira akaona kama wanavuta sawasawa. Na ndoa ni ndoa. Jambo lililonisumbua miaka yote katika mfano huu ni kwamba hakuna hata mmoja kati ya watatu aliyekataa kwa ajili ya ulevi au wizi. Wote wana sababu ambazo ungezipitisha kwenye kikao chochote cha ukoo. Tena wawili wa kwanza wanajibu kwa heshima, wanaomba wawiwe radhi. Karamu ya Mungu inakosa watu kwa sababu ya shamba, ng'ombe na harusi, vitu ambavyo Mungu mwenyewe huwapa watu.

Niliona hilo ni wazo zuri la kufundishia. Nilikuwa nimepanga kuwauliza wapendwa: shamba lako ni lipi? Nikafurahi kwamba hata bila miwani somo lipo. Nikainuka kwenda kupanga vikombe.

Ilikuwa saa kumi na dakika arobaini. Chai ilikuwa jikoni, maandazi yamefunikwa, viti vimekaa duara sebuleni, pazia jeupe. Nikafungua kabati la vyombo vya wageni. Vikombe vyote vilikuwa safi vimepinduliwa, isipokuwa kimoja cha mbele kilichosimama wima, na ndani yake miwani yangu imefungwa katika kitambaa cha kufutia vyombo kilichofuliwa.

"Nani ameweka hii?"

"Ni mimi, mama." Alikuwa akikoroga chai, hakugeuka. "Niliikuta alfajiri juu ya karo, pale pembeni ya koki. Nilitaka kukuambia. Nikaona nikiiweka hapo utaipata mwenyewe."

Nikakumbuka yote kwa mkupuo. Jumanne jioni nilikwenda karoni na Biblia mkononi, nikafungua koki kuona kama kuna maji. Hakuna hata tone. Simu ikalia. Mwenyekiti wa ushirika aliuliza kama viti vitatosha. Nikavua miwani nikaiweka juu ya karo, nikaongea, nikaondoka nikizungumza habari za viti. Koki niliiacha mimi.

Na binti alijua. Tangu alfajiri alijua. Neno la kwanza alilolitoa asubuhi lilikuwa ndilo lenye majibu ya yote mawili, ya miwani na ya maji, nami nilimkatiza. Kisha akazunguka mchana kutwa akinisaidia shughuli zangu, akinisomea tokeni, amebeba lawama yangu na makato ya mshahara, na hata alipotafuta njia ya kunirudishia miwani aliitafuta ile ambayo haitaniaibisha mbele ya mtoto.

Baba alikuwa na kisa alichokipenda, cha Festo Kivengere. Watu wengi wanamjua Kivengere kama askofu wa Kigezi aliyeikimbia Uganda kwa miguu pamoja na mkewe Mera mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Sisi wa Dodoma tuna kumbukumbu ya kabla ya hapo, kwani katika miaka ya 1940 na 1950 alikuwa mwalimu hapa hapa, katika shule iliyokuja kuitwa Mazengo, mahali ambapo leo ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Kivengere mwenyewe alikuwa akisimulia hadharani kwamba siku moja aligombana na mkewe, naye alitakiwa kwenda kuhubiri muda si mrefu. Akasikia moyoni Roho Mtakatifu akimwambia arudi akasali na mkewe. Akajitetea kwamba ana mahubiri baada ya dakika ishirini. Akajibiwa kwamba aende tu akahubiri, ila Roho atabaki jikoni na mkewe.

Nilikuwa na dakika ishirini zilezile. Na jiko ndilo hili.

Niseme ukweli kuhusu kilichokuwa kigumu. Kusema "nisamehe" mbele ya wapendwa nimezoea. Tunashuhudia, tunaimba pambio, mtu anakumbatiwa. Kumwambia binti wa kazi ndani ya jiko langu, pasipo wimbo, ni kitu kingine. Tumejengewa nyumba ambamo mwenye nyumba hukosa lakini haombi radhi kwa anayemlipa. Nilijikuta natafuta namna ya kuzunguka: nitamwongezea kitu mwisho wa mwezi, nitamnunulia kitenge, nitamwambia usiku watu wakishaondoka. Kila wazo kati ya hayo lilikuwa na sura ya wema na kila moja lilinivusha salama bila kulitamka neno lenyewe.

Nikazima jiko. Nikamwambia: "Mwanangu, koki niliiacha mimi. Wewe huna kosa. Nimekutukana na nimekusingizia kwa jirani, na habari ya mshahara nilisema uongo wa hasira, haitakatwa hata senti. Naomba unisamehe."

Alikaa kimya muda ambao niliuona mrefu. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mgongo wa mkono. "Nimekusamehe, mama," akasema. Kisha: "Na jirani?"

Karamu yangu yote iliishia kwenye maneno hayo mawili. Yesu alisema habari ya mtu aliyefika madhabahuni na sadaka yake, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache pale aende kwanza akapatane naye. Aliowaambia walikuwa Galilaya, na madhabahu ilikuwa Yerusalemu, zaidi ya kilomita 100 kwa miguu. Mtu amwache mnyama wake pale, arudi siku kadhaa, apatane, apande tena. Mimi ndugu yangu alikuwa ng'ambo ya ukuta, hatua arobaini nikipitia getini, na tangu asubuhi nilikuwa nimeshindwa kwenda kwa sababu ya sadaka.

Nilijifunga khanga nikatoka. Getini nikakutana na wapendwa wawili wa kwanza. "Bwana asifiwe!" wakasema. Nikawajibu, nikawaambia waingie, nakuja, na nikajua nikigeuka nao sitatoka tena. Sikugeuka.

Jirani alikuwa amechuchumaa juu ya turubai akizitenga karanga kwa mkono. Upepo wa jioni ulikuwa umeanza, baridi. Nikachuchumaa naye. Nikamweleza kila kitu tangu simu na viti hadi maneno ya juu ya ukuta, na ya mwaka jana, yale ya mteremko. Hakuniangalia.

"Asubuhi nilikuita," akasema.

"Uliniita."

"Ukasema una wageni wa kanisa. Nikajiuliza, huyo Mungu wao anakuja leo tu?"

Sikuwa na jibu, na sikulitafuta. Nilianza kuchambua. Baada ya muda akaniambia linalomtisha. Karanga zilizolowa zikilala usiku wa pili bila kukauka huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu, ambayo haitoki yote hata ukizikaanga. Mwaka 2016 watu wa mkoa huu na wa Manyara walikufa kwa mahindi yenye sumukuvu. Tunaokaa huku hatujasahau. Hawezi kumuuzia mtu. Na nyumba yake ni vyumba viwili, sakafu ya udongo, hana pa kuzitandaza usiku wala feni.

Mimi nilikuwa na sebule ya sakafu ya saruji, iliyopigwa deki, zulia limetolewa, na feni ya darini.

Tulizibeba kwa masinia na mabeseni. Binti alikuwa wa kwanza kuja, kisha wapendwa wenyewe walipoona turubai linakunjwa; mzee mmoja wa ushirika, mwenye umri wa baba yangu, alivua koti akabeba debe begani. Viti vilisukumwa hadi ukutani. Karanga zilitandazwa katikati ya chumba juu ya mikeka na mashuka, kutoka mlangoni hadi dirishani, na mapazia yangu yaliyopigwa pasi yakafungwa fundo juu ili upepo upite. Watu kumi na wanne waliketi pembezoni na miguu wameikunja wasikanyage. Jirani alitaka kuondoka. Yule mzee akamwambia, "Kaa, dada, tuchambue wote, mikono mingi." Akakaa karibu na mlango.

Sikufundisha. Nilisimulia siku yangu kama ilivyokuwa, kwa ruhusa ya binti, nikiwa nachambua. Mtu mmoja akasema habari ya deni alilolificha kwa kaka yake. Mwingine alilia tu. Tukaimba pambio la Kiganda wanaloliimba wapendwa tangu enzi za wazee, jirani akinyamaza kwa adabu, mikono yake ikienda. Chai ilinywewa ikiwa vuguvugu, kwa vikombe vya maua vyenye vumbi la karanga.

Kuna jambo kuhusu Martha, yule wa Injili aliyehangaika na kuhudumia Yesu alipokuwa mgeni wake, nililolielewa usiku ule nikifagia. Luka anasema ni yeye aliyemkaribisha Yesu nyumbani. Mlango ulikuwa wake. Na Yohana anaeleza kwamba huyu huyu, alipofiwa na ndugu yake, alimkiri Yesu kuwa Kristo, Mwana wa Mungu. Alikuwa mwanafunzi wa kweli. Aliyempenda Bwana kiasi cha kumfungulia mlango alikaribia kumkosa kwa sababu ya vyombo. Nilikuwa nikimsoma kama mwanamke wa kukemewa, na nadhani sitamsoma hivyo tena.

Karanga zilikaa sebuleni siku tatu. Mwanangu alijifunza kupita pembezoni kama paka. Jumamosi jirani alikuja na magunia, tukazipima kwa debe: kati ya matatu yalipona mawili na nusu, zilizobaki alizitupa mwenyewe shimoni, hakutaka hata kuku wazile. Nilimlipa nusu ile kwa pesa niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya sare ya mkutano wa akina mama. Alikataa mara ya kwanza, mara ya pili akapokea. Mkutanoni nilikwenda na kitenge cha mwaka juzi.

Sasa maji yakitoka usiku, mimi na binti tunaamka wote wawili. Na kabla hatujafika karoni, mara nyingi tunasikia sauti kutoka ng'ambo, nzito kwa usingizi: "Jirani, koki?"

"Tunakwenda, dada," ninajibu. "Lala."